Simulizi za Nesi wa Mlimani, Sehemu ya 11: Kocha Kamuacha Nani?

 Nilikuwa nimewaahidi leo tuongee kitovu cha mtoto mchanga. Kitovu kitasubiri hadi Ijumaa. Kwa sasa mjue tu kwamba hakipakwi majivu wala mate ya bibi, wala kitu chochote ambacho hukupewa kliniki. Leo naongea mpira. Najua nusu yenu mshaanza kupitiliza kutafuta mapishi. Ngojeni kwanza.

Wanaoishi Mtae wanaijua stendi yetu. Basi la kwenda Lushoto linaondoka gizani, kwa hiyo watu wanakusanyika mapema na makoti yao, na wasiosafiri wanakuja pia, kwa sababu pale ndipo penye maneno. Kuna benchi la mbao nje ya kwa fundi viatu. Kwenye benchi hilo, kwa hesabu yangu, wanakaa makocha kumi na wanne wa timu ya taifa, na hakuna hata mmoja anayelipwa. Yupo anayetaka mabeki watatu, yupo anayetaka wanne. Yupo mzee mmoja ambaye tangu nihamie hapa anasema ugonjwa wa Taifa Stars ni kukosa kiungo mkabaji, na hajawahi kubadilisha maelezo, kama wale wanaokunywa panadol kwa kila kitu.

Mimi huwa napita pale saa moja kasoro naelekea zamu. Nasalimia, shikamoo wazee, mambo vijana, naendelea. Lakini masikio hayapiti haraka kama miguu. Na kwa miaka yote hii nimegundua kwamba wanachobishania zaidi ni kikosi. Bao linaongelewa siku moja. Nani kaitwa na nani kaachwa, hilo linaongelewa mwezi. Tena Stars ikitangazwa, hapa kwetu watu hawaanzi kusoma majina, wanaanza kuhesabu rangi: wekundu wangapi, kijani wangapi. Akizidi mmoja upande mmoja, kocha kanunuliwa.

Mwaka 2018 alikuja kocha Mnigeria, Emmanuel Amunike. Huyu alikuwa mchezaji mkubwa, mchezaji bora wa Afrika mwaka 1994, na mwaka huohuo ndiye aliyefunga mabao yote mawili ya Nigeria kwenye fainali ya AFCON. Kazi yake ya kwanza na Stars ilikuwa mechi ya Uganda kule Kampala, mwezi wa tisa. Akaita kambi. Wachezaji saba wakachelewa kuripoti, sita wa Simba na mmoja wa Yanga. Akawatoa wote saba. Walikuwamo John Bocco, Jonas Mkude, Shomari Kapombe, Erasto Nyoni. Yule wa Yanga alikuwa kijana mdogo, Feisal Salum, tunayemwita Fei Toto.

Jamani, nchi ilichafuka. Na nyumba yangu ikachafuka.

Baba Watoto ni Simba wa damu. Mimi ni wa Coastal Union, Wagosi wa Kaya, timu ya mkoa wetu, mabingwa wa mwaka 1988, na tangu hapo tunavumilia. Kwa hiyo mimi kwenye ugomvi wa Simba na Yanga ni kama mkunga, sina upande, nataka tu mtoto atoke salama. Lakini kwenye hili nilikuwa na upande. Nilikuwa upande wa Amunike.

Baba Watoto akasema, kocha gani anaacha nahodha wa bingwa wa nchi kwa kuchelewa siku? Pengine klabu ndiyo iliyowachelewesha. Halafu akanipiga swali ambalo alijua litanigusa: "Kwani mgonjwa akichelewa kliniki mnamfukuza?"

Swali zuri. Nikamwambia hapana, mgonjwa simfukuzi. Mama akija na kadi imepita wiki tatu namkaribisha, namuuliza taratibu kilichomchelewesha, maana mara nyingi ni nauli au ni mvua imekata njia au ni mume. Lakini wale hawakuwa wagonjwa, walikuwa wenzake kwenye zamu. Nesi mwenzangu akichelewa, mimi nipo pale tangu jana yake jioni, nimeshika mkono wa mama aliyefikia sentimita nane, macho yanauma, na siwezi kuondoka. Uchovu wangu anaulipia yule mama. Asiyefanya kazi ya kupokezana hawezi kuelewa kuchelewa ni nini. Anadhani ni dakika.

Akasema mpira sio leba. Nikasema sawa, ila kanuni ni ileile. Tukalala.

Stars wakaenda Kampala wakatoka 0-0. Sasa hapo ndipo nilipojifunza kitu kuhusu hawa makocha wa benchini. Nilipopita asubuhi, waliokuwa wanampinga Amunike wakasema, mnaona, tungekuwa na Bocco tungefunga. Waliokuwa wanamtetea wakasema, mnaona, hata bila hao tumepata pointi ugenini. Sare moja ilikuwa ushahidi wa kila mtu. Mwezi wa kumi tukafungwa 3-0 na Cape Verde kwao, siku nne baadaye tukawafunga 2-0 kwetu, na mwezi wa kumi na moja tukafungwa 1-0 na Lesotho. Baada ya Lesotho hata mimi nilinyamaza mezani, maana benchi zima lilikuwa linasema kocha ni mwoga, kajaza watu nyuma mbele ya timu ya kufungwa.

Halafu ikaja tarehe 24 Machi 2019, Jumapili. Uganda tena, kwetu Dar es Salaam. Lazima tushinde, na tuombe Lesotho asishinde kwake Cape Verde. Tukashinda 3-0. Simon Msuva la kwanza, penalti la pili, Aggrey Morris la tatu. Lesotho akatoka 0-0. Tanzania ikaenda AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1980, miaka 39. Bibi yangu mmoja aliyekuwa amelazwa kwa presha aliposikia kelele alidhani ni moto.

Ile penalti ya pili unajua aliipiga nani? Erasto Nyoni. Mmoja wa wale saba.

Mimi nikasema, mnaona, alimwadhibu, akamsamehe, akamrudisha, akarudi na nidhamu. Baba Watoto akasema, mnaona, nilisema toka mwanzo huyu mtu haachwi. Tukatazamana. Sote tulikuwa na furaha kiasi kwamba hakuna aliyetaka kushinda ule ubishi. Ndiyo raha ya huu mchezo: kocha anachagua mara moja, sisi tunachagua kila siku na hatufukuzwi kazi.

Sasa niwasimulie usiku wa tarehe 27 Juni mwaka huohuo. Hii sijawahi kuiandika, na mhusika mwenyewe ameniruhusu, ila jina naliacha.

Ilikuwa Alhamisi. Tanzania na Kenya, kule Cairo, saa tano usiku kwa saa zetu. Mnaojua Mtae mnajua tumekaa ukingoni kabisa. Ukisimama nyuma ya nyumba za mwisho, mlima unakatika, na chini yako kuna tambarare ya Mkomazi, na ng'ambo ya hapo ni Kenya. Siku hali ikiwa safi unaviona vilima vya Taita. Kwa hiyo ile mechi kwetu haikuwa ya mbali, tulikuwa tunacheza na majirani tunaowatazama kila siku wakiwa hawatuoni. Kibanda umiza kilijaa mpaka watu wamekaa kwenye kreti za soda nje, na baridi ya mwezi wa sita mnaijua.

Mimi nilikuwa zamu. Kulikuwa na mama mmoja, uzazi wa nne, amejifungua vizuri kabla ya mechi kuanza, mtoto wa kike, kilo tatu na ushee, kalia mwenyewe, kawekwa kifuani, kanyonya. Nikasikia kelele za bao la kwanza, Msuva, dakika ya sita. Mama mwenyewe akacheka. Baada ya muda nikaangalia shuka.

Nisiwatishe wenye mimba. Kutokwa damu baada ya kujifungua ni kawaida, ila kuna kiasi. Kitenge kikiloa kikabadilishwa kikaloa tena hapohapo, au damu inatiririka bila kukata, hiyo si kawaida hata kidogo, iwe uko kituoni au umesharudi nyumbani. Huyu tumbo la uzazi lilikuwa limelegea kama unga uliozidishiwa maji. Nikafanya yanayofanywa: kusugua tumbo, sindano, dripu, kuondoa mkojo, kumfunika apate joto. Ikapungua, ikarudi. Akaanza kuwa mweupe midomoni na kuniuliza swali lilelile mara mbili. Hapo ukishaona hivyo hungoji. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshashuka na mgonjwa mwingine, na Lushoto ni mbali, barabara ya vumbi, kona juu ya kona, na usiku ule kulikuwa na ukungu.

Mume wake alikuwa nje ya wodi, si kwenye mpira, nimsifu. Nikamwambia nahitaji gari, dereva, na watu wawili wa kuchangia damu, sasa hivi. Akakimbilia kule kwenye watu wote.

Alifika mapumziko. Tunaongoza 2-1. Olunga alikuwa amesawazisha dakika ya 39 na Samatta akarudisha dakika ya 40, kwa hiyo fikiria furaha iliyokuwa mle ndani, na mabishano ya nani aingie kipindi cha pili. Akasimama mlangoni akasema mke wangu anakufa.

Haya yaliyofuata nimeyapata kwa watu watatu tofauti na yanafanana. Palikuwa na magari mawili. Moja la kijana, jipya kidogo, na kijana mwenyewe akasimama palepale na ufunguo mkononi, mimi nampeleka, saa moja na nusu nipo Lushoto. Moja la mzee, gari la kubebea viazi, kuukuu. Na ndani ya dakika mbili, wale wanaume waliokuwa wamebishana jioni nzima kuhusu winga gani akae benchi, wakamwambia kijana akae chini. Walisema neno moja moja tu. Huyu amekunywa. Huyu kona ya Lukozi anaipita kwa kasi. Mzee ameendesha njia hii kwenye ukungu tangu hatujazaliwa. Kijana akanuna, akatoa ufunguo wa gari lake akampa mzee: chukua langu, lina joto. Mzee ndiye dereva, gari la kijana.

Nimesikia vikosi vingi vikitajwa. Hicho kilikuwa kizuri kuliko vyote.

Wakaenda na vijana wawili wa damu, mume, na mimi nyuma na mgonjwa, mkono wangu tumboni mwake njia nzima, mwenzangu akabaki na mtoto na wodi. Wale vijana mwanzo walikuwa kimya. Tulipopita Lukozi mama akafumbua macho akauliza mpira umeishaje. Hakuna aliyejua, mtandao ulikuwa umekata. Basi wakaanza kubishana kwa sauti ya chini, kama Amunike angebaki kushambulia au angerudi nyuma kulinda, na mimi nikawaacha, maana yule mama alikuwa anasikiliza, na mgonjwa anayesikiliza ubishi bado yupo na sisi. Mzee hakusema kitu. Macho yake yalikuwa kwenye ukungu.

Tulifika. Alipokelewa, akaongezewa damu, damu ikakata alfajiri. Kijana mmoja alichangia. Mwingine alipimwa akakutwa hafikii kilo 50, akarudishwa, na mpaka leo wanamwita mchezaji wa akiba. Kulipopambazuka mzee akanisogelea nje pale, amejifunga shuka, akauliza: "Nesi, hivi tulishinda?" Nikaangalia simu. Omolo dakika ya 62, Olunga tena dakika ya 80. Tatu kwa mbili, Kenya. Mzee akatikisa kichwa, akasema, "Angemwingiza kiungo mkabaji."

Ndiye yeye, yule wa benchini.

Amunike aliondoka mwezi uliofuata. Tulifungwa mechi zote tatu za kundi, Senegal 2-0, Kenya, halafu Algeria 3-0. Senegal na Algeria ndio waliokuja kukutana fainali, kwa hiyo mimi bado namtetea robo tatu. Ile robo iliyobaki ni Lesotho.

Lakini sio kila ubishi wa kikosi unaishia kwenye gari la kuokoa mtu. Kuna upande wa pili na huu nauona kliniki, kwenye mizani.

Januari 2024, AFCON ya Ivory Coast. Mechi ya kwanza tukafungwa 3-0 na Morocco, kocha Adel Amrouche akafungiwa na CAF mechi nane kwa maneno aliyoyasema kuhusu Wamorocco, timu akakabidhiwa Hemed Suleiman, ambaye kwa bahati jina lake la utani ni Morocco, na hapo benchini walicheka wiki nzima. Mechi ya pili Zambia, Jumapili tarehe 21, saa mbili usiku. Msuva akafunga dakika ya 11. Kabla ya mapumziko Mzambia mmoja akapewa kadi nyekundu. Tuko kumi na moja, wao kumi, tunaongoza. Ushindi wetu wa kwanza kabisa kwenye AFCON ulikuwa mkononi. Dakika ya 88, kona, Patson Daka, kichwa. Sare 1-1.

Kesho yake akaja baba mmoja na mkewe na mtoto wa miezi kumi. Uzito wa mtoto ulikuwa umeshuka mwezi wa pili mfululizo. Nikauliza mlo. Mama akanyamaza, akamwangalia mume. Mume akaanza kuniambia habari za kocha. Kwamba alirudisha timu nyuma. Kwamba na mtu mmoja zaidi uwanjani unarudije nyuma? Nilimsikiliza dakika nzima nikidhani ananipotezea muda, kumbe alikuwa anajibu swali langu. Alikuwa ameweka mkeka. Hela ya mbegu za viazi, yote, Stars ashinde. Mkeka ulichanika dakika ya 88. Kwa hesabu yake, aliyekula hela ya mbegu ni kocha.

Nilimjibu kwa utulivu, maana mke alikuwepo na sikutaka aje kulipia maneno yangu nyumbani. Nikamwambia kaka yangu, wewe unajua mpira kuliko mimi, kweli. Unaijua hadi dakika. Lakini kocha akikosea analala hotelini na anakula. Huyu hapa mwenye miezi kumi hana hata hoteli. Nikamwekea kidole chake kwenye mstari wa kadi unavyoshuka, mwenyewe auone. Alikaa kimya. Kisha akaniuliza uji uchanganywe nini. Tukaongea karanga, maharage, yai, dagaa wa kusaga, parachichi ambalo mlimani kwetu msimu ukifika linaozea chini. Mtoto alipanda uzito mwezi wa tatu. Kuhusu mkeka sijui kama kaacha, sikumuuliza, ila mke wake sasa ndiye anayeshika hela ya mbegu. Hayo walipanga wenyewe.

Mama, nakuomba kitu. Ubishi wa kikosi usiuogope, hata kama unakuchosha. Mkeka ndio wa kuuogopa. Mwanaume anayebisha bure anarudi nyumbani na sauti imekauka tu. Aliyebeti anarudi na mtu wa kumlaumu, na mtu wa karibu zaidi ni wewe. Ukiona dalili za kupigwa au kutishwa baada ya mechi, njoo kituoni, njoo hata na kisingizio cha chanjo. Tutaongea mlango umefungwa.

Na jambo jingine dogo la kibanda, nisije nikasahau. Baridi hii watu wanaingiza jiko la mkaa ndani, madirisha yamezibwa na viroba ili mwanga usiharibu skrini. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukuonya. Unaumwa kichwa, unasinzia, unadhani ni usingizi wa usiku. Baba akitaka kwenda na mtoto kuangalia mpira, mtoto akae pembeni ya mlango ulio wazi, na kichanga kisiende kabisa. Kama kuna mtu pale anakohoa wiki ya pili sasa, huyo aje apimwe makohozi, ni bure.

Tuje kwenye AFCON iliyopita, ya Morocco. Kocha kabadilishwa mwezi mmoja na kitu kabla ya kwenda, kaja Miguel Gamondi, Muargentina aliyewahi kuwapa Yanga ubingwa, kwa hiyo mnaweza kufikiria Baba Watoto alivyokihesabu kile kikosi rangi kwa rangi. Tukafungwa 2-1 na Nigeria, tukatoka 1-1 na Uganda. Tarehe 30 Desemba 2025 tunacheza na Tunisia, tunafungwa bao moja kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili kinaanza tu, Feisal Salum anasawazisha. Yuleyule Fei Toto aliyechelewa kambini akiwa mtoto. Ikaisha 1-1 na Stars ikaingia hatua ya 16 kwa mara ya kwanza katika historia.

Tena angalia hesabu yake: tulipita kwa pointi 2. Ivory Coast tulipata pointi 2 vilevile na tukashika mkia. Pointi ni zilezile, safari hii zikatosha. Halafu Morocco wakatufunga 1-0 kwao, Brahim Díaz, na benchi letu likapata kazi ya mwaka mzima.

Usiku ule wa Tunisia kijana wangu wa miaka tisa aliuliza, "Mama, wale sita wengine wako wapi?" Anaijua hadithi, ameisikia mezani tangu anatambaa. Baba yake akaanza kumtajia mmoja mmoja, aliko na alichofanya baadaye. Nikawaacha. Nilifurahi kwamba mtoto aliuliza kuhusu walioachwa. Siku za nyuma kidogo alikuwa amerudi shuleni analia, hayumo kwenye timu ya darasa, na neno la kwanza alilosema ni kwamba mwalimu ana chuki. Hilo neno hakulitoa shuleni. Analisikia kwetu kila Stars ikitangazwa: fulani kaachwa, kocha ana chuki. Siku hiyo nilimwambia baba yake kwamba kwenye meza hii kocha anaweza kuwa mwoga, anaweza kuwa mkaidi, anaweza hata kuwa hajui kazi, lakini "chuki" ileteni na ushahidi. Anajitahidi. Simba ikifungwa anasahau.

Mwezi uliopita mama mmoja mjamzito, wa miezi saba, aliniambia mumewe anaweza kukutajia kikosi cha Stars cha miaka mitano mpaka wachezaji wa akiba, lakini ukimuuliza mpango wa kujifungua anasema Mungu atasaidia. Nikampa karatasi tupu. Nikamwambia mpelekee, mwambie nesi anataka kikosi: dereva ni nani na wa akiba ni nani kama wa kwanza yuko Lushoto. Wa damu wawili, wazito kuliko kilo 50, waliopimwa. Nani analala na watoto wakubwa. Nani anashika hela. Nani anakuja na mama mpaka wodini. Na aandike kwa nini kamchagua kila mmoja, maana nitabisha.

Karatasi ilirudi baada ya siku tatu, imejaa pande zote mbili. Alikuwa amemuacha mama yake mzazi. Kaweka dada wa mke kulala na watoto, kwa maelezo kwamba bibi ana usingizi mzito na anatoa pipi usiku. Mama mkwe kasikia. Amekuja mwenyewe kituoni kunishtaki kwamba mimi ndiye kocha niliyemtoa. Nimemwambia kocha ni mwanawe, akabishane naye. Jana nimeona karatasi mpya: bibi yumo, anashika mlango wa mbele na simu, pipi zimefungiwa kabatini. Dereva ni yule mzee.

Ijumaa ni kitovu, kweli kabisa. Mwenye kichanga chini ya wiki mbili aje na swali lake.